Salamu ya Kifundo cha Mkono

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kukasirika haraka, na sijawahi kuomba radhi kwa hilo. Wengine wamepata shahada zao kwa akili. Mimi pia akili ninayo, ila mara nyingi ilikuwa imelala na hasira ndiyo iliyokwenda kuiamsha.

Msimamizi wangu wa utafiti alikuwa na maneno mawili aliyoyapenda kuliko chai ya saa nne: mazingira yetu. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, mazingira yetu. Mwanafunzi akikosea kupima dawa, mazingira yetu. Alikuwa amesoma Ulaya miaka mingi, akarudi na koti zuri na imani kwamba kazi nyeti haiwezi kufanyika chini ya Mlima Meru. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma kila ukurasa nilioandika, tena kwa kalamu nyekundu, na siku nilipougua alinipigia simu mara mbili. Lakini kila akiyatamka maneno yale nilijisikia kama mtu anayesukumwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Kazi yangu ilitoka nyumbani. Mama yangu anafuga ng'ombe kule Oldonyo Sambu, na nilipokuwa bado shule ng'ombe wake watatu walitupa mimba mfululizo. Daktari wa mifugo alisema ni bakteria. Mama hakulia, alikwenda tu kukaa peke yake nyuma ya zizi, na mimi nikamchukia yule bakteria kama mtu ninayemjua kwa sura. Miaka ikapita, nikajikuta kwenye maabara ya chuo nikitafuta namna ya kumuua.

Kila kiumbe hai, tangu bakteria mpaka msimamizi wangu, hujengwa kwa protini, na protini hujengwa kwa asidi amino zinazounganishwa moja baada ya nyingine. Asidi hizo haziendi zenyewe pale zinapohitajika. Hubebwa na molekuli ndogo ya jamii ya RNA, inayoitwa tRNA, na kila aina ya tRNA ina mzigo wake mmoja tu inaoukubali. Nilipomweleza mama niliiita mchukuzi, na tangu siku hiyo hata mimi mwenyewe nikawa naiita hivyo. Dawa niliyokuwa naitafuta ingemzuia mchukuzi wa yule bakteria asipakiwe mzigo wake. Bakteria asiyejenga chochote hufa, na ng'ombe hubaki na ndama wake tumboni.

Ili kuijaribu dawa nilihitaji wachukuzi wengi, na kumfuga bakteria mwenyewe haikuwezekana, maana huambukiza watu pia na maabara yetu haikujengwa kwa hatari hiyo. Zikabaki njia tatu. Ya kwanza ni kuagiza: mashine za nchi za nje humuunganisha mchukuzi kipande kwa kipande, halafu anasafirishwa kwenye barafu. Ya pili ni kumtengeneza mwenyewe kwenye tyubu: unaweka kipande cha DNA chenye maelekezo yake, unaweka malighafi na kimeng'enya cha kunakili, yaani protini inayofanya kazi hiyo, unaacha vyote kwenye joto kama la mwili kwa saa chache. Ya tatu ni kuwatumia bakteria wapole wasiomdhuru mtu. Unawaingizia yale maelekezo, wanazaliana kwenye supu yao, halafu unawavunja kwa kemikali kali ya fenoli na kuvuna kilichomo.

Kila njia ina tabia yake. Mchukuzi wa kwenye tyubu hatoki na umati wa wengine, lakini yuko uchi. Hana yale mapambo madogo ya kikemikali ambayo seli hai humwongezea, na wakati mwingine kimeng'enya cha kumpakia mzigo humkataa kwa sababu hiyo. Yule wa kwenye bakteria anakuja amepambwa na anapakiwa vizuri, ila anatoka amechanganyika na wachukuzi wa mwenyeji wake, na kumtenga nao ni kazi ya jasho. Yule wa kuagiza, nilimwagiza mara moja. Alifika barafu ikiwa imekwisha siku nyingi, mchukuzi mwenyewe amekatikakatika. Siku hiyo hakuna aliyesema mazingira yao.

Sura kubwa kuliko zote katika tasnifu yangu ilikuwa kulinganisha njia hizi na kusema ipi inafaa maabara kama yetu. Niliipenda sura ile. Ilikuwa miaka yangu miwili, na ndiyo iliyonifanya niamke asubuhi kwenye chumba changu cha kupanga Elerai nikiwa na haraka ya kwenda kazini.

Tatizo lilikuwa tyubu. Ukitaka kujua kama RNA yako, yaani wachukuzi wako, ni nzima, unaipitisha kwenye jeli kwa umeme, na kama ni nzima hujitokeza kama mstari mmoja mwembamba. Ile ya bakteria ilinipa mistari. Ile ya tyubu ilinipa kitu kilichosambaa kama uji uliomwagika mezani. Nilirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kila mara nikamwaga uji.

"Achana na tyubu," msimamizi akaniambia, tumekaa ofisini kwake, picha za jeli mezani. "Mazingira yetu hayaruhusu. Maji yenu ya huku peke yake, binti. Yanageuza meno kahawia, itakuwa RNA?"

Nikatabasamu, nikayaonyesha yote. Meno yangu ni ya kahawia kama ya watu wengi waliokua wakinywa maji ya kuzunguka mlima huu, na sijawahi kuziba mdomo ninapocheka.

"Dokta, maji ya maabara tunayachuja, tunayachemsha na kukusanya mvuke wake. Hayo ya meno ni mengine."

"Basi nionyeshe." Akazigonga zile picha kwa kalamu. "Nakupa mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Niletee mistari mitatu mizima kutoka kwenye tyubu, ya siku tatu tofauti. Ukishindwa, sura ya ulinganisho inaondoka. Tutaagiza tena, utaandika kwamba umeagiza, utamaliza."

Nilizikusanya zile picha nikatoka. Kumaliza kwa namna ile kulikuwa na maana moja tu: ningekuwa mtu aliyefungua kifurushi cha wengine, na aliyeandika kwa mkono wake kwamba Arusha haiwezi. Afadhali nifeli.

Nikaanza na maji. Mchana nikachukua RNA nzima ya bakteria, nikaigawa kwenye vichupa, kila kichupa nikakitia kitu kimoja kati ya vile nilivyovitumia kwenye tyubu. Kimoja maji, kimoja chumvi, kimoja malighafi, kimoja kimeng'enya. Nikaviacha kwenye joto muda uleule. Vyote vikatoa mstari safi. Nikampelekea msimamizi picha.

"Maji hayana kosa, Dokta."

Akaitazama. "Basi ni hewa," akasema, na mimi nikaondoka kabla sijasema neno ambalo lingenifukuzisha chuo.

Sasa hapa nisijifanye mjinga. Nilijua ni nini kinachokata RNA. Kila mwanafunzi wa fani hii hufundishwa siku ya kwanza kwamba kwenye ngozi ya kila binadamu, hata aliyetoka kuoga sasa hivi, kuna kimeng'enya kinachoikata RNA vipande, na hata ukikichemsha hakifi. Ndiyo maana tunavaa glavu. Nilivaa glavu kuanzia naingia mpaka natoka. Ningeapa mbele ya kanisa zima kwamba sikuigusa tyubu yoyote kwa mkono mtupu, na ningekuwa nasema kweli.

Jumamosi nikapanda nyumbani kichwa kikiniuma. Nilimkuta mama zizini anakamua. Alikuwa amechuchumaa, amekibana kibuyu magotini, kibuyu alichokwisha kukifukiza asubuhi kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, na alikuwa amenawa kwa maji ya moto na kumwosha ng'ombe chuchu. Nikasimama pembeni kumsubiri, maana mama akikamua haongei sana.

Akaingia mwinjilisti wa kanisa letu, mzee wa suti ya kijivu, amekuja kupanga ibada ya nyumba kwa nyumba. Akamsogelea mama, akampa mkono.

Mama hakusimama. Hakufuta vidole kwenye kanga. Alikunja kiganja chake kwa ndani na kumnyooshea kifundo cha mkono.

"Karibu, mwinjilisti. Shika hapa, niko na maziwa."

Mwinjilisti akakishika kile kifundo, akakitikisa kwa furaha zote kama angetikisa kiganja, wakaulizana habari za watoto, na mama akarudi kwenye chuchu zake. Hakuna aliyeudhika. Mambo haya nimeyaona tangu najua kutembea, kwa mama, kwa fundi wa baiskeli mwenye grisi, kwa shangazi akiwa anakanda unga. Kwetu mtu mwenye kazi mkononi hutoa kifundo.

"Mama," nikamwuliza mgeni alipokwenda kukaa, "angekuwa askofu je?"

"Askofu hanywi maziwa?"

Nikacheka, halafu cheko likanikauka. Nilikuwa nimeiona asubuhi yangu yote ya kazi mbele ya macho.

Pale maabara tulikuwa na fundi mmoja mzee, Mmeru, aliyebakiza muda mfupi astaafu. Yeye ndiye aliyefungua vyumba vyote asubuhi, na akishafungua alipita kumsalimia kila mtu kwa mkono, kituo kwa kituo, akimwuliza habari za nyumbani kwao. Alinikuta mimi saa tatu, muda ambao ndio nimeanza kuchanganya vitu vyangu vya tyubu. Nilimwambia shikamoo, naye aliitikia marahaba mwanangu na kunyoosha mkono. Mimi nilivua glavu ya kulia. Nani aliyelelewa huku atampa mzee mkono wa mpira? Niliishika glavu kwa mkono wa kushoto, nikamsalimia, halafu, kwa kuwa tulipewa jozi moja tu asubuhi na moja mchana, niliivaa tena ileile. Niliinyoosha kwanza kwa vidole nilivyotoka kumshika navyo mzee, na vidole vya glavu hiyohiyo vikarudi kwenye tyubu.

Nilifanya hivyo kila siku ya kazi. Bakteria wangu niliwavuna mchana, wakati mzee yuko stoo na hakuna anayepita kusalimia.

Kwa hiyo hayakuwa maji, haikuwa hewa, wala haukuwa umeme. Ilikuwa adabu yangu. Nilikaa kwenye gogo pale zizini nikaona aibu, kisha nikaona hasira, kisha nikaona furaha kubwa mpaka mama akaniuliza kama nimeugua.

Jumatatu saa tatu mzee akafika. Usiku nilikuwa nimelala vibaya kwa ajili yake yeye. Msimamizi ningeweza kumkasirisha bila kujuta, lakini mzee huyu ndiye aliyenifundisha kushika pipeti, kile kifaa cha kunyonyea matone, bila kutetemeka, na sikutaka aone kwamba elimu imenipanda kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za Elerai? Mama mzima huko juu?"

Akanyoosha mkono. Nikakunja kiganja changu ndani ya glavu, nikavuta mkono wa koti juu, nikampa kifundo.

"Shika hapa, mzee. Niko na maziwa."

Akasita. Akaitazama glavu, akaitazama ile tyubu kwenye barafu, akanitazama mimi. Kisha akakishika kifundo changu na kucheka mpaka macho yakamlowa.

"Miaka yote hii," akasema, "na mimi ndiye niliyekuwa namwaga maziwa?"

"Tulimwaga wote wawili."

Kikombe cha pili cha chai hakijaisha, habari ilikuwa imefika kila chumba. Nilivua glavu kwa uangalifu, nikavaa jozi ya mchana, nikapitisha RNA kwenye jeli. Mstari mmoja. Mwembamba, umenyooka, hauna uji. Nilipiga kelele, na mzee akaja mbio akidhani nimeungua.

Jumanne mstari. Jumatano mstari.

Alhamisi nikaingia ofisini kwa msimamizi na picha tatu na kurasa mpya za sura yangu. Nilikuwa nimeandika kila kitu kilichohitajika: kwamba njia ya tyubu inafaa pale unapotaka mchukuzi wa aina moja na haraka, kwamba njia ya bakteria inafaa pale mapambo yanapohitajika ili apakiwe vizuri, mradi uwe na subira ya kumtenga, kwamba kuagiza ni kamari ya barafu. Na kwenye sehemu ya tahadhari niliongeza sentensi moja: "Anayefanya kazi na RNA asivue glavu kusalimia, atoe kifundo cha mkono."

Akasoma taratibu. Alipofika pale akachukua kalamu nyekundu na kuikata sentensi yangu kwa mstari kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

"Hii ni tasnifu, si jikoni," akasema. "Na hii mistari ni bahati. Joto limepungua wiki hii. Mazingira yetu..."

"Dokta." Sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyokusudia, na sikuishusha. "Umesema mistari mitatu, nimeleta mitatu. Kama unaona ni bahati, njoo kesho ufanye mwenyewe. Vitu vilevile, meza ileile, mimi pembeni yako. Ukipata mstari bila sentensi yangu, nitaifuta mwenyewe, na sura yote naiondoa."

Nilitoka nje nikafunga mlango. Nilikuwa nimetoka kuweka miaka miwili mezani kwa sababu ya sentensi moja ya salamu. Lakini nisingelirudisha neno langu.

Ijumaa akaja. Lazima niseme ukweli, alikuwa na mikono mizuri ya kazi, mitulivu kuliko yangu. Alivaa koti, akavaa glavu, akaanza kuchanganya, nami nikachanganya yangu kando yake kutoka kwenye vichupa vilevile. Saa tatu ilipofika nikasikia viatu vya mzee vinakuja.

Alinifikia mimi kwanza. Shikamoo, marahaba, nikatoa kifundo. Kisha akamgeukia msimamizi, ambaye ni mdogo kwake kwa miaka mingi, akanyoosha mkono.

Msimamizi wangu ni mtu aliyelelewa vizuri. Pamoja na Ulaya yake yote na koti lake, alikuwa ameshaivua glavu kabla mzee hajamaliza kuitikia shikamoo yake. Akampa mkono, wakaulizana za nyumbani, akaivaa glavu ileile, akarudi kwenye tyubu yake. Wala hakujua kwamba amefanya chochote. Nilijing'ata ulimi kwa nguvu nikaendelea na yangu.

Saa nane mchana tukasimama mbele ya jeli, taa imewashwa chini yake. Upande wa kushoto, mstari wangu. Upande wa kulia, uji.

Aliinama akatazama kwa muda mrefu, akautazama mkono wake wa kulia, akavua glavu zote mbili akazitupa, akatoka. Mzee alikuwa mlangoni ameegemea fremu. Nilipomwuliza baadaye kama alimnyooshea mkono kwa makusudi alikunja uso kama mtu aliyetukanwa.

"Mimi nimemsalimia bosi wangu. Kuna kosa?"

Jumamosi na Jumapili sikula vizuri. Kushinda mtu aliyeshika kalamu ya mwisho si lazima kukusaidie, na nilijua angeweza kabisa kusema kwamba na hiyo ilikuwa bahati. Jumatatu nilifika mapema kuliko kawaida. Mlango wa maabara ulikuwa wazi, na msimamizi alikuwa kwenye meza yangu, amevaa glavu, tyubu mpya kwenye barafu mbele yake. Kando ya kiwiko chake zilikuwa kurasa za sura yangu.

Sikujua nianzie wapi, nikaanza pale anapoanzia kila mtu.

"Shikamoo, Dokta," nikasema, nikampa mkono.

Hakuinua macho kutoka kwenye pipeti. Alikunja kiganja chake ndani ya ile glavu na kuninyooshea kifundo, taratibu, kama mtu anayejaribu kitu kwa mara ya kwanza tangu utotoni.

"Marahaba," akasema. "Shika hapa."

Nikakishika. Nikakitikisa vizuri, kwa furaha zote. Kisha, nikiwa bado nimemshika, nikaitazama ile karatasi chini ya kiwiko chake, mstari mwekundu bado upo juu ya sentensi yangu.

"Basi irudishe, Dokta," nikamwambia. "Kwa kalamu yako ileile."